Barabara Isiyo na Honi

Enzi zile ruksa imeingia na maduka yameanza tena kuwa na vitu, ukisimama Mtaa wa Msimbazi ukauliza nani anazijua baiskeli Kariakoo nzima, watu watatu wangekujibu kwa mpigo: nenda kwa Mangi Leodegar. Huyu alikuwa Mchaga wa Kibosho, tumbo mbele, kalamu sikioni, na mdomo wa kukuuzia hata kengele isiyolia ukaenda nayo nyumbani unashukuru. Mteja akiingia, Leodegar anaweka kiganja juu ya siti, anaipapasa taratibu, anaanza kuisifu baiskeli mpaka mtu wa watu anaona haya kuondoka bila kununua. Akishalainika, Mangi anaita, "Bushiri! Hebu mwonyeshe mteja inavyoenda." Bushiri, fundi wake, anaitoa nje, anazunguka nayo mtaa, anarudi anacheka. Biashara imekwisha.

Ndivyo walivyogawana kazi pale dukani miaka yote, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kujiuliza kaswali kadogo tu. Mangi mwenyewe, baiskeli, alikuwa haijui. Haijui kabisa, jamani! Spoku anazijua, ringi anazijua, mnyororo akiusikia unalia anakwambia unataka nini. Lakini mweke juu, mwambie akanyage pedeli, utamwokota mtaroni. Aliyelijua hilo ni mmoja, mkewe Josepha, na Josepha si mwanamke wa kutangaza mambo ya nyumbani kwake.

Basi asubuhi moja akaingia Mfaransa. Mzee mrefu, kofia ya kitambaa, suruali imefungwa kwa kamba badala ya mkanda. Ujanani mwake alifundisha useremala misheni huko Kigoma, na Kiswahili alichoondoka nacho kilikuwa kile kile, kimenyooka, cha kitabu cha zamani. Ukimwambia "mambo?" anakuuliza mambo gani. Sasa kwao alikuwa na karakana ndogo ya kutengeneza mipira minene ya baiskeli, ya kupita kwenye changarawe, na alitafuta mtu wa kumuuzia mipira hiyo Dar es Salaam. Alianzia duka la jirani, kwa mzee Chandu, ambaye alikuwa anauza vifaa hivyo hivyo kwa jumla. Chandu akamwangalia, akaiangalia ile kamba kiunoni, akamwelekeza kwa Mangi.

Yule mzee hakuanza na mipira. Alifungua bahasha, akapanga picha juu ya kaunta ya kioo.

"Hapa ndipo mipira yangu hupita," akasema.

Leodegar aliinama kwa adabu tu, kama mtu anavyoangalia picha za harusi ya asiowajua. Halafu akainama zaidi. Ilikuwa njia nyeupe ya changarawe, nyembamba, inakata katikati ya mizabibu iliyopandwa kwa mistari, na mwisho wake kanisa dogo la mawe ambalo mnara wake umeinama kidogo. Mfaransa akasema lilijengwa na watu ambao hata makaburi yao hayajulikani tena yalipo. Picha ya pili, mfereji mrefu wa maji, miti mikubwa huku na huku, na kando yake njia ambayo farasi wa zamani walipita wakivuta mashua kwa kamba. Picha ya tatu, ngome iliyobomoka juu ya kilima, mbuzi wanakula majani getini. Ya nne, bwawa la kufulia nguo lenye paa la mawe, pembeni kabisa mwa njia, mawe yake yamelainika kwa magoti ya wanawake waliopiga nguo hapo tangu zama za kale.

"Na magari yanapita wapi?" Leodegar akauliza.

"Hayapiti."

"Mikokoteni?"

"Hapana mikokoteni."

"Na honi?"

Mfaransa hakuelewa. "Honi ya nini?"

Nje, lori lilikuwa linarudi kinyumenyume na utingo anapiga bodi kwa kofi, msukuma mkokoteni anapaza sauti "pisha, pisha, utachubuka!", na muuza kanda wa kona ile amefungulia redio mpaka vioo vya kaunta vinatetemeka. Leodegar alikuja Kariakoo kijana, na kelele za Kariakoo zilimkaa kichwani hata usingizini, hata kanisani. Alikuwa hajawahi kuwaza kwamba kuna barabara, barabara halali ya kupita watu, isiyo na honi. Alipenda pale pale. Alipenda kama mvulana, bila aibu, na akajua amependa.

Mfaransa akasema, "Mwezi wa tisa, zabibu zikivunwa, nawaalika wote wanaoniuzia mipira. Kutoka kila duka mtu mmoja, tiketi ni juu yangu. Tutazipita njia hizi juma zima, tutalala vijijini. Je, bwana, wewe hupanda baiskeli?"

Na Leodegar, bila kupepesa jicho, "Mimi? Napanda tangu utotoni, mzee wangu."

Usimwite mwongo, ngoja kwanza. Anayekanyaga pedeli tunasema anaendesha. Lakini kupanda! Aliyekaa nyuma kwenye keria, miguu inaning'inia, mikono imeshika siti, naye si amepanda? Leodegar alipanda keria ya kaka yake Theophil kwenda shule. Alipanda keria ya mjomba kwenda gulioni. Na mwaka ule alipokuwa anamchumbia Josepha, binti aliyekuwa anateremsha vidumu vya maziwa kwa baiskeli kutoka Kibosho mpaka Moshi mjini, alipanda keria ya Josepha, mwanaume mzima na koti lake la Jumapili, na watu wa njiani wakashika vinywa. Ulimi wake ulilichagua neno wenyewe, haraka, kabla kichwa hakijafika. Mfaransa akampa mkono kwa furaha, wakapatana juu ya mipira, akamwachia ile picha ya njia nyeupe, akaenda zake Zanzibar kupumzika kabla ya kurudi kwao.

Jioni, nyumbani Ilala, Josepha, ambaye siku ile hakuja dukani, aliposikia habari hiyo aliuweka mwiko chini. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hupanda! Umepanda wapi wewe, Baba Jovin, zaidi ya keria yangu?"

"Cheka tu."

"Mbona nacheka! Utaenda Ufaransa kukaa kwenye keria ya nani?"

Leodegar aliitoa picha mfukoni, akaiweka mezani karibu na sufuria ya ndizi. Josepha akajifuta mikono, akaiangalia ile picha. Akamwangalia na mumewe, na kicheko kikaisha chenyewe, maana uso ule aliujua. Aliuona mara ya mwisho siku walipopewa funguo za duka.

"Unataka kweli," akasema.

"Nataka mpaka naumwa. Nifundishe, Mama Jovin."

Ndipo zikaanza Jumapili za mateso. Wakitoka misa Msimbazi, Josepha anajifunga kitenge kwa kukazia, Leodegar anavuta kofia mpaka kwenye nyusi asijulikane, wanaikokota baiskeli mpaka viwanja vya Jangwani. Josepha anashika siti, anakimbia nyuma yake huku anafoka, "Angalia mbele! Mbele, nimesema! Tairi halikimbii, unaliangalia la nini?" Leodegar anakaza meno, anakanyaga, usukani unakwenda kulia, yeye anakwenda kushoto, wanaagana. Waliokuwa wanacheza mpira waliacha mpira. Waliona huku kuna mchezo mzuri zaidi. "Kanyaga, mzee! Usiionee huruma!" Na mzee anakanyaga, na mzee anaanguka, puu.

Jumatatu moja Chandu alikuja mlangoni, akamtazama kiwiko.

"Mangi, nani amekupiga?"

"Nimeteleza bafuni."

Chandu akavaa miwani, akainama karibu. "Bafu lako lina kokoto?"

"Chandu, nenda kauze."

"Naenda, naenda," Chandu akasema, na akaenda polepole sana akigeuka nyuma.

Wiki zikapita na hali ni ile ile. Akisukumwa vizuri anaenda kidogo, anaanza kutabasamu, na tabasamu ndilo linalomwangusha. Miguu ya mtu wa makamo ina ukaidi wake. Jumapili moja alianguka vibaya, akabaki amekaa chini na goti linachuruzika, akasema basi, sitaki tena, mimi na hiki chuma hatukuumbiwa kuonana.

"Sio chuma, ni wewe unakiogopa. Tazama," Josepha akasema.

Akakikusanya kitenge, akaipanda baiskeli.

Hakuwa amegusa baiskeli tangu waje Dar. Mwanzo aliyumba mara moja. Halafu mgongo ukanyooka, mabega yakashuka, na yule mama wa kuhesabu nati na boliti nyuma ya kaunta kutwa nzima akatoweka ndani yake. Alizunguka uwanja mzima. Alikata kona ameinama upande, mkono mmoja umeachia usukani kushika kilemba. Wale wa mpira wakaanza kumpigia makofi, si ya dhihaka. Leodegar alisahau goti. Alikuwa anamwona binti wa vidumu vya maziwa akiteremka Kibosho, uso ule ule wa kucheka na upepo, na alijiuliza uso huo ulikuwa wapi miaka yote hii, na nani aliuweka kabatini. Jibu alilipata pale pale na halikumpendeza. Kila alipolala na ile picha chini ya mto, alimwona mtu mmoja kwenye njia nyeupe, na mtu huyo alikuwa yeye. Hata siku moja hakuwahi kumweka Josepha.

Alimpenda sana dakika ile, na alijionea aibu. Walirudi Ilala kwa miguu wakiikokota baiskeli katikati yao.

Siku iliyofuata, mchana wa jua kali, Mfaransa akatokea kutoka Zanzibar, mwekundu kama nyanya, na futi ya kupimia mkononi. Ndege yake ilikuwa jioni ile. Alitaka kujua kimo cha mgeni wake ili amwandalie baiskeli inayomfaa.

"Haya bwana, panda, zunguka kidogo. Nitaona miguu yako inavyofika."

Bushiri, masikini ya Mungu, hajui hili wala lile, ameshaitoa baiskeli nje na kuifuta vumbi. Muuza kanda akapunguza redio. Wasukuma mikokoteni wakasimama, maana mzungu mwenye futi si kitu cha kila siku. Chandu ametoka mlangoni kwake, mikono nyuma. Josepha alikuwa ndani kwenye kaunta, anasikia kila neno.

Leodegar akashika usukani. Jasho likamtoka.

"Bosi ana goti bovu leo, lina kidonda. Mzee, mpime hivyo hivyo amesimama," Bushiri akadakia kwa huruma.

"Ah, kumbe! Basi si neno. Mwezi wa tisa utakuwa umepona," Mfaransa akasema, akaanza kufungua futi.

Njia imefunguka yenyewe. Hakuna alichotakiwa kufanya zaidi ya kunyamaza. Anyamaze, apimwe, apewe tiketi, na huko mbele Mungu ni mkubwa. Aliziona zabibu. Aliliona kanisa na mnara wake ulioinama. Akageuka akamwona Josepha nyuma ya kioo, ameinamisha kichwa kwenye boksi la nati, anajifanya anahesabu, na vidole vyake havisogei.

"Mzee wangu, ngoja," Leodegar akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mimi nilikwambia napanda. Ni kweli, napanda. Lakini siendeshi. Sijui. Sijawahi kujua. Mimi hubebwa kwenye keria."

Mtaa ukalipuka.

"Mangi hajui baiskeli!" "Lahaula!" "Si ametuuzia sote huyu!" Bushiri alishika kichwa kwa mikono miwili. Chandu alicheka mpaka akavua miwani kuifuta machozi. Mfaransa amesimama katikati, anawatazama mmoja mmoja.

"Kupanda si kuendesha?" akauliza.

"Baba, hata kuku akirukia siti, huyo amepanda," Chandu akamweleza, sauti inakatika kwa kicheko.

"Anayeendesha kwetu ni huyu," Leodegar akaendelea, amechachamaa sasa, kicheko chao hakimgusi. Akanyoosha mkono kuelekea dukani. "Mama Jovin! Toka nje."

"Baba Jovin, acha hayo," Josepha akasema kutoka ndani. "Safari ni yako. Umeililia."

"Nimeililia ndiyo. Ndiyo maana najua thamani yake. Njoo uendeshe."

Akatoka polepole, anajifuta mikono yenye mafuta ya grisi. Akamtazama mumewe machoni, akaona hatanii. Akakaza kitenge. Na Jumatatu mchana, Kariakoo imejaa mpaka pomoni, Josepha akaondoka na ile baiskeli katikati ya mikokoteni, akapita kati ya lori na ukuta pale ambapo wewe ungeshuka ukakokota, akapotea kuelekea Mtaa wa Kongo. Mtaa mzima ukawa unanyoosha shingo. Alipotokeza upande wa pili, kilemba kimefunguka kinapepea nyuma, wanawake wa vitenge walimpokea kwa vigelegele. Mfaransa alivua kofia, akaishika kifuani, na hakuirudisha mpaka yule mama aliposhuka. Futi ilimpima Josepha.

Mwezi wa tisa akaenda yeye.

Leodegar alibaki na duka na masimango. Watu walikuja kutoka mpaka Feri, wananuka samaki, kumwona muuza baiskeli asiyejua baiskeli, na wengine kwa aibu ya kushangaa tu wakanunua. Alijibu kila mzaha. Lakini jioni, akishafunga, alikaa Ilala mbele ya ile picha, na hakuna haja ya kuficha, alikuwa na wivu. Wivu mchungu. Alifurahi kwa ajili ya mkewe na wivu ukamla, vyote kwenye kifua kimoja.

Josepha alirudi Ijumaa, amekuwa mweusi wa jua, mwembamba usoni. Alileta zawadi za watoto na kipande cha jibini ambacho hakuna aliyeweza kukaa nacho chumba kimoja. Kuhusu zile njia hakusema kitu. Leodegar aliuliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili, anajibiwa, "Nitakuonyesha." Akanuna. Alidhani ni picha zinasafishwa.

Jumapili, kabla ya misa, Josepha akamwamsha. Baiskeli iko mlangoni, imefungwa ile mipira minene, na juu ya keria amefunga mto wa kochi.

"Panda," akasema.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na barabara ambayo serikali ilimwaga changarawe ili waweke lami. Lami haikuja. Watu wa Ilala waliitukana barabara ile kila siku, vumbi, mawe, viatu vinakwisha. Asubuhi ile haikuwa na mtu. Josepha akaingiza baiskeli pale.

"Fumba macho. Ukifumbua nakumwaga."

Akafumba. Baiskeli ikaanza kwa kunung'unika, maana Mangi si mzigo mwepesi, halafu ikashika mwendo. Chini ya tairi changarawe zikaanza kusagika, krr, krr, sauti moja isiyokatika.

"Kulia kwako mizabibu," Josepha akasema, anahema kidogo. "Wanaivuna. Kuna mama amesimama, amenipungia mkono, hanijui simjui. Sasa tunateremka. Shika! Kushoto ni lile bwawa la kufulia. Nilishuka hapa. Niliyagusa yale mawe, Baba Jovin, yameingia ndani kabisa pale walipopiga magoti. Nikamkumbuka mama yangu mtoni. Maji yake baridi, ya Kibosho kabisa."

Leodegar aliyaona. Naapa aliyaona, macho yamefumbwa.

"Sasa miti. Kivuli tupu. Mfereji uko hapo, maji yamelala. Mbele kabisa, kanisa. Mnara umeinama kweli, picha haikudanganya. Mlango wazi, hamna mtu ndani. Niliwasha mshumaa nikakutaja jina, kwa sauti. Likaitika kanisa zima."

Akaegemeza paji la uso mgongoni kwa mkewe. Alikuwa analia na hakujali. Kutoka kibarazani mtu akapiga kelele, "We Mangi! Mkeo amekubeba?"

"Napanda!" Leodegar akajibu, macho yamefumbwa vile vile. "Usitupigie kelele, huku hakuna honi."

Krr, krr, krr. Halafu sauti ikabadilika, ikawa mchanga wa kawaida, na baiskeli ikasimama. Josepha akaweka mguu chini, anahema.

"Changarawe zimeishia hapa," akasema.

"Geuza," Leodegar akamwambia. "Hiyo njia ya kurudi sijaiona."